Ritifaa Iko Wapi? Uhakiki wa Kibodi Ndogo kwa Mwandishi wa Kiswahili

Wahakiki wa kibodi wana msamiati wao. Ukisoma maoni yao juu ya kibodi ndogo za kimekanika, kwanza utaelezwa mlio: kama kitufe kinagonga kwa sauti nzito ya ubao au kwa sauti nyembamba ya kikombe. Utaelezwa uzito wa alumini, rangi za taa, na ulaini wa swichi zilizopakwa mafuta. Mwishoni kabisa watataja vitufe vilivyoondolewa ili kibodi iwe ndogo, na hapo karibu wote husema jambo moja, kwamba vilivyoondolewa havitumiwi sana. Kauli hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki. Havitumiwi sana na nani, anapoandika lugha gani?

Nauliza hivyo kwa sababu kwetu Abuku, wilayani Koboko, mtu mmoja anaweza kuandika lugha nne kwa wiki moja na asione ajabu. Ombi la kazi huandikwa kwa Kiingereza. Ujumbe kwa mwenye duka wa Ingbokolo au Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, huandikwa kwa Kiswahili. Tangazo la kanisani ni Kikakwa, na ukifika Arua mjini ni Kilugbara. Kibodi tunayoikuta dukani ilipangwa kwa ajili ya moja tu kati ya hizo. Tena Kiswahili hakitabaki kuwa lugha ya sokoni na kambini: katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri lililiidhinisha jambo hilo upya. Siku ofisi za wilaya zitakapoanza kuandika barua kwa Kiswahili, atakayeketi mbele ya kibodi atakuwa mmoja wetu tunaosoma somo hili.

Nianze na maana ya neno "ndogo". Kibodi kamili ya mtindo wa Marekani ina vitufe 104. Ukikata sehemu ya tarakimu iliyo mkono wa kulia, vinabaki 87. Ukiondoa pia safu ya F1 hadi F12, mishale na majirani zake, unabaki na 61, na hiyo ndiyo wauzaji wanayoiita ya asilimia 60. Rudisha mishale na vitufe vichache vya pembeni, unapata kama 68, yaani ya asilimia 65. Chini ya hizo kuna kibodi za vitufe arobaini na kitu, ambazo hata tarakimu zimefichwa. Kinachoondolewa hakipotei, huhamia tabaka la pili, nawe hulifikia kwa kushikilia kitufe cha Fn huku ukibonyeza kingine. Nafasi kati ya kitufe na kitufe haipunguzwi. Toka katikati ya kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 19 na kidogo, sawa na kwenye kibodi kubwa. Vidole havibanwi, meza ndiyo inayopata nafasi. Kwa mtu anayeandikia kwenye kimeza kilekile kinacholiwa chakula, hiyo si faida ndogo.

Wazo la kupunguza vitufe kwa makusudi lina mwenyewe. Eiiti Wada, mtaalamu wa kompyuta wa Japani, alibuni mpangilio wa vitufe 60 ambao kampuni ya PFU iliuuza kuanzia mwaka 1996 kwa jina la Happy Hacking Keyboard. Wada alilinganisha kibodi na tandiko la farasi: mchunga ng'ombe wa Marekani huweza kumwacha farasi njiani, lakini tandiko lake hulichukua begani, kwa kuwa farasi hubadilishwa na tandiko limeshauzoea mwili wake. Mfano huo nauelewa vizuri kuliko wengi walioandikiwa. Mwanafunzi wa kwetu hana farasi wake. Leo anaandikia kompyuta ya kuazima, kesho ya maktaba, keshokutwa simu. Kubeba kibodi yake mwenyewe ni jambo la maana hasa kwake.

Lakini tazama Wada alimkatia nani tandiko lile. Kontroli aliiweka mahali ambapo kibodi nyingine zina Caps Lock, na mishale aliificha kwenye tabaka la pili, kwa sababu watu aliowafikiria ni waandishi wa programu waliozoea mifumo ya Unix, ambao huihitaji Kontroli kila sekunde na mishale mara chache. Sioni ubaya wake. Kila kibodi ndogo ni hoja juu ya nani anayeandika. Ubaya umo kwa wahakiki waliokuja baadaye, walioichukua hoja hiyo kama ukweli wa vidole vyote duniani.

Basi tuipime kwa Kiswahili. Chukua methali tunayoijua sote: ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Ina herufi 35, na kati ya hizo 9 ni A. E zipo mbili tu. Hakuna Q, hakuna X, hakuna C. Si bahati ya methali moja. Vitenzi vyetu vya Kibantu huishia na A, viunganishi ni wa, ya, la, cha, za, na wakati uliopo ni -na-. Kwenye QWERTY, mpangilio uliotokana na mashine ya kuchapa ya Sholes wa Milwaukee katika miaka ya 1870, A imewekewa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Mwingereza hukipa kidole hicho kazi ya wastani. Sisi tumekigeuza punda.

Hapa ndipo swichi inapostahili kujadiliwa, na si kwa mlio wake. Kibodi ya bei rahisi ina utando wa mpira chini ya vitufe. Herufi haitoki mpaka umekandamiza karibu hadi mwisho. Swichi ya kimekanika ya ukoo wa Cherry MX, iliyoanzia Ujerumani miaka ya 1980 na sasa kuigwa na viwanda vingi vya China, husafiri milimita 4 lakini hutoa herufi ikifika kama milimita 2. Swichi nyekundu hudai nguvu ya gramu 45 hivi, ya buluu kama 60. Tofauti ya gramu 15 ni kitu cha kuchekesha mpaka uizidishe kwa idadi ya A zilizomo katika tasnifu ya kurasa sitini. Kwa mwandishi wa Kiswahili ningesema swichi nyepesi, na kama kibodi inaruhusu kuchomoa swichi moja moja bila kuchomelea kwa risasi, weka nyepesi zaidi chini ya A peke yake. Sijaona mhakiki aliyependekeza hilo, na si ajabu. Hakuna Mwingereza aliyeumwa na kidole hicho kwa sababu ya A.

Ukivuka mpaka mambo ni mabaya zaidi. Kwa majirani zetu wa Kongo, kwenye shule na ofisi zinazofuata Kifaransa, kibodi ni AZERTY. Huko A imepandishwa safu ya juu, na mahali pake, pale kidole kinapopumzika, imewekwa Q. Yaani karani wa Ariwara anayeandika Kiswahili kutwa nzima hulaza kidole chake juu ya herufi ambayo lugha yake haina, halafu hukinyanyua kila anapotaka ile anayoihitaji kuliko zote. Ila kwa haki niseme kwamba AZERTY ina fadhila moja: M imeshushwa safu ya kati, na M ni herufi tunayoitumia sana.

Nije kwenye mishale, maana hapo ndipo kibodi za vitufe 61 zinaponishinda. Wanaozipenda husema mishale ni ya wavivu. Nadhani hawajawahi kusahihisha upatanisho wa kisarufi. Umeandika "kitabu changu kizuri kilichopotea kimeonekana", kisha unakumbuka vilikuwa viwili. Katika Kiingereza utaongeza herufi moja mwishoni mwa nomino, labda uguse kitenzi, umemaliza. Katika Kiswahili unarudi nyuma na kugusa neno la kwanza, la pili, la tatu, la nne na la tano, na kila mara unagusa mwanzo wa neno. Ukishika Kontroli na kubonyeza mshale wa kushoto, kielekezi huruka hadi mwanzo wa neno, pale pale kilipokaa kiambishi cha ngeli. Ni kama vile njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ngeli zetu, ingawa aliyeitengeneza hakuzijua. Kwenye kibodi isiyo na mishale, kila mruko unadai vidole vitatu: Kontroli, Fn, na herufi inayojifanya mshale. Maneno matano ni miruko mitano. Mhadhiri akikurudishia sura nzima yenye makosa ya upatanisho, utaelewa thamani ya vile vitufe vinne.

Naomba msomaji asinielewe kwamba mkono haufundishiki. Unafundishika. Ninamfahamu mwenzangu anayeandika kwa kasi kwenye kibodi ya vitufe 61 na hataki nyingine, na kazi zake ni safi kuliko zangu. Lakini hoja yake, kwamba yeye amezoea, inathibitisha subira yake. Ubora wa kibodi ni jambo jingine.

Sasa ritifaa. Vitabu vyetu vya sarufi huiweka katika orodha ya alama za uakifishaji, pamoja na mkato na nuktapacha, na nadhani tumeipokea orodha hiyo bila kuichunguza. Mkato husimama kati ya maneno. Ritifaa ya ng' husimama ndani ya neno na kubadili sauti. Ukiiondoa kwenye "ng'oa", unabaki na "ngoa", ambalo ni neno jingine lenye maana nyingine. Kwa hiyo kwetu ritifaa ni nusu ya herufi. Katika Kiingereza ukiidondosha, msomaji atakuona mzembe tu na ataendelea kusoma.

Kibodi ya simu imekwisha kutuonyesha yatokeayo nusu ya herufi inapofichwa. Kwenye simu nyingi ritifaa haiko na herufi. Iko ukurasa wa pili pamoja na alama. Tazama jumbe zetu wenyewe: ngombe, ngambo, kungaa. Wahadhiri hulalamika kwamba wanafunzi hawajui tahajia. Wengi tunaijua. Tumechoka tu kubadili ukurasa kwa ajili ya alama moja, kisha uchovu wa simu unahamia kwenye karatasi ya mtihani. Ndiyo maana sikubali kwamba mahali pa kitufe ni suala la ladha. Baadhi ya kibodi za vitufe arobaini na kitu hufanya kosa lilelile la simu: safu ya kati inaishia L, Enta inafuata, na ritifaa inapelekwa tabaka la pili pamoja na nuktamkato. Zinapendeza, hutosha mfukoni mwa koti, nami siwezi kumshauri mwanafunzi yeyote wa Kiswahili azinunue bila kwanza kuzipanga upya. Kibodi za 60 na 65 huiacha ritifaa mahali pake, kulia kwa nuktamkato, chini ya kidole cha mwisho cha kulia. Si kidole chenye nguvu, lakini angalau ni mbonyezo mmoja.

Kwa Kilugbara jambo hili ni zito mara dufu. Huko ritifaa hutangulia konsonanti na kuifanya sauti nyingine: 'ba ni watu, e'yo ni neno au habari. Ritifaa inakuja kila mstari, wakati mwingine mara tatu. Tena programu ya kuandikia, ikiikuta mwanzoni mwa neno, hudhani unafungua nukuu na kuipindua ielekee upande mwingine. Hilo si kosa la kibodi. Huzimwa kwenye mipangilio ya programu, na ningependa kila karani wa steshenari mjini Koboko alijue kabla hajachapa tangazo jingine la msiba.

Halafu kuna herufi ambayo haipo kabisa. Mwaka 1928, katika mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf, kusini mwa Sudan ya wakati ule, lugha kadhaa za eneo hilo zilipewa tahajia, nazo zikafuata alfabeti iliyopendekezwa London na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika. Kibari kilikuwa miongoni mwao, na hadi leo huandikwa kwa ŋ pale ambapo Kiswahili huandika ng'. Kikakwa chetu ni ndugu yake wa damu, na Koboko iko pale ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, kwa hiyo mtu wa hapa anaweza kuhitaji kuandika sauti ileile kwa njia mbili kulingana na anayemwandikia. Ili kuipata ŋ kwenye kompyuta, njia ya kawaida ni kuweka programu ya mpangilio, kama vile Keyman ya SIL, au kutumia Alti ya kulia pamoja na herufi. Na Alti ya kulia ndiyo kitufe ambacho watengenezaji wa kibodi ndogo hukitoa kafara kwanza. Wanahitaji mahali pa Fn, wanatazama kulia kwa spesi, wanaona Alti mbili, wanasema moja yatosha. Kwa Mwingereza yatosha. Kwa mwandishi wa lugha zenye herufi za ziada, Alti ya kulia ni mlango, nao wameuziba kwa kabati.

Mengine nitayapitia haraka. Taa za rangi: kibodi yenye waya inaweza kuchomekwa kwenye simu kwa kiunganishi kidogo cha USB, na simu nyingi za Android huitambua papo hapo. Mtu asiye na kompyuta anaweza kuandika insha nzima hivyo. Lakini kila taa inayowaka chini ya kitufe inakula betri ya simu, na pale ambapo simu huchajiwa kwa paneli ya jua, taa hizo zinawaka kwa hasara ya kurasa. Zizime, au nunua isiyo nazo. Kwa sababu hiyohiyo napendelea waya kuliko Bluetooth, kwa kuwa waya hauhitaji betri ya pili. Mlio: swichi za buluu hutoa sauti ya kubofya ambayo wengine huifurahia sana. Katika chumba cha watu wanne waliolala chini ya paa la bati, furaha hiyo ni ya mmoja. Uzito: kibodi za alumini zinazosifiwa hupita kilo moja, na mzigo wa kilo moja begani juu ya bodaboda ya kwenda Arua hausaidii uandishi. Plastiki nzuri inatosha.

Vumbi linahitaji neno zaidi. Kiangazi cha kwetu, kuanzia Desemba, barabara za murramu huingia ndani ya nyumba. Kibodi ya utando ikijaa vumbi huanza kukwama, na ikikwama hutupwa, kwa kuwa ndani yake hakuna cha kurekebisha. Ya kimekanika, kwa kuwa iko wazi zaidi, huingiwa na vumbi upesi kuliko ile. Hilo halisemwi vya kutosha na wanaoisifu. Faida yake ni kwamba kofia za vitufe huchomolewa, ukapiga brashi, ukazirudisha. Na swichi moja ikifa, kama zinachomoleka, unabadilisha hiyo moja. Unaweza hata kuichukua swichi ya kitufe usichokigusa na kuipandikiza chini ya A. Kwa mwandishi wa Kiswahili, Q na X ni akiba ya vipuri inayokaa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo uchaguzi wangu ni kibodi ya asilimia 65, ya plastiki, yenye waya, swichi nyepesi zisizobofya na zinazochomoleka. Naichagua kwa manung'uniko, kwa sababu nyingi za ukubwa huo hujaza safu ya pembeni kulia kwa vitufe vya kupanda na kushuka ukurasa, ambavyo mimi sivigusi, huku Alti ya kulia ikiwa imeondolewa hatua chache tu kutoka hapo. Kabla ya kutoa fedha, tazama picha ya safu ya chini, kulia kwa spesi. Ukiona Alti imeandikwa hapo, nunua. Ukiona Fn kisha Kontroli, uliza kama vitufe vinaweza kupangwa upya na mnunuzi mwenyewe, kwa programu kama VIA, na umwombe muuzaji akuonyeshe kwa macho yako kitufe kimoja kikibadilishwa. Akianza kukusifia mlio, ondoka.